Spea Tairi ya Binti wa Dereva

Nsyuuu! Vyuo kumi na kimoja. Binti wa Dereva kaorodhesha vyuo kumi na kimoja vya kuombea nafasi, na kumi kati ya hivyo ni majina ya kumfanya baba mtu atembee katikati ya barabara. Harvard imo. Yale imo. Columbia, Brown, Northwestern, zote zimo. Cha kumi na moja kakiandika chini kabisa, kwa penseli, herufi ndogo utadhani anaficha deni: Toledo. Pembeni kaweka neno moja, "akiba".

Dereva akaitandaza ile karatasi juu ya boneti ya gari la Fundi ili sote tuione. Alitaka sifa. Akapata misonyo.

Kwa asiyekijua kijiwe chetu: kipo mbele ya duka la vyakula vya Kiafrika, Cleveland Avenue, upande wa kaskazini wa Columbus, Ohio. Unga wa sembe upo, mihogo iliyogandishwa ipo, na umbea upo bila kodi. Wajumbe wa kudumu ni Fundi mwenye gereji, Mama Sambusa, Papa Bukavu ambaye ni fundi cherehani, Mwalimu aliyefundisha sekondari Tanga miaka mingi kabla ya kuwafuata wanawe huku, na mimi ambaye kazi yangu hapa ni kusikiliza na kubishana. Dereva huja akiwa hana safari ya Texas. Binti yake yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, anataka falsafa na historia. Kwetu angekuwa HGL, ule mchepuo wa historia, jiografia na lugha, tena yule wa mstari wa mbele anayemsahihisha mwalimu.

Sasa tusemezane. Hivi ni nani aliyewaambia wazazi wa mji huu kwamba chuo cha akiba ni kile chuo usichokipenda, unachokiandika ili orodha ionekane ina adabu?

Mwalimu ndiye aliyeanza kwa upole, maana ana ugonjwa wa upole. Akasema watu wa kazi hii hugawa orodha mafungu matatu: vyuo vya ndoto, vyuo vya saizi yako, na vya akiba, ambavyo mtu mwenye alama zako hupokewa karibu bila wasiwasi. "Mheshimiwa Dereva," akasema, "Harvard katika kila waombaji mia huchukua chini ya watano. Majirani zake hawako mbali na hapo. Hao tisini na tano wanaorudishwa nao wana A tupu."

"Binti yangu ana A tupu na ni kiongozi wa klabu ya mdahalo," Dereva akajibu.

"Ndiyo. Na wao."

Papa Bukavu akaweka chini kikombe cha chai. "Lakini ule mutoto anaomba historia, hapana udaktari. Kule si banakosa batu? Batamwingiza mbio."

Hoja hii nimeisikia misibani, kwenye vipaimara na kwenye foleni ya duka hili. Watu wa sanaa hawabanwi, wanaingia kirahisi. Ina nusu ya ukweli, ndiyo maana haifi. Kwenye chuo kikubwa cha umma, uuguzi, uhandisi na biashara mara nyingi vina mlango wao na mchujo wao. Unaweza kupokewa na chuo ukakataliwa na kozi. Historia haina foleni hiyo. Lakini kwenye vile vyuo vidogo vya binafsi vya sanaa, Kenyon, Oberlin na wenzao, huombi idara kabisa. Unaomba chuo kizima, na somo lako kuu unalitangaza baadaye, kwa kawaida kabla mwaka wa pili haujaisha. Kuandika "falsafa" kwenye fomu hakukupunguzii mshindani hata mmoja.

Nusu nyingine ya ukweli ndiyo iliyomfanya Fundi aipigie karatasi ngumi.

"Toledo kafuata nini?" akauliza.

"Si akiba? Wanapokea watu wengi."

"Falsafa wanayo?"

Kimya. Dereva akatazama karatasi, karatasi ikamtazama.

Kwa wasiofuatilia: Machi 2025 gavana wa Ohio, Mike DeWine, alisaini sheria iitwayo Senate Bill 1. Ina mengi ndani, na mengi yalipigiwa kelele, lakini kwa mtoto wa sanaa kuna kifungu kimoja cha kuchana na kubandika ukutani. Chuo cha umma cha jimbo kinatakiwa kuifuta programu yoyote ya shahada ya kwanza ambayo kwa wastani wa miaka mitatu imetoa wahitimu chini ya watano kwa mwaka. Chuo kinaweza kuomba ruhusa ya kuibakiza. Ruhusa ni ya kuombwa, haiji yenyewe. Aprili ya mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Toledo kikatangaza kusitisha kupokea wanafunzi wapya katika programu tisa. Soma majina yake: falsafa imo, masomo ya dini yamo, Kihispania kimo, masomo ya Waafrika yamo. Historia ilipona. Kwa hiyo binti angepokewa Toledo kwa mikono miwili, na nusu ya alichokifuata asikikute.

Fundi, ambaye hajawahi kukanyaga chuo ila kwa kwenda kuvuta gari lililoharibika, ndiye aliyesema neno la maana kuliko sote. "Kila siku wananipigia simu mtu kapasukiwa tairi barabara kuu. Namuuliza, spea unayo? Anasema ninayo, tena mpya. Nafika, naifungua, haina upepo. Miaka minne kwenye buti, hakuna aliyeipima. Ninyi mnabeba spea ya jina."

Nimeshindwa kulisema vizuri zaidi ya hapo, na nimejaribu. Mtoto wa sanaa hana shida kubwa ya kupata chuo cha kumpokea. Shida yake ni kupata chuo ambacho akifika mwaka wa tatu idara bado ina walimu. Mwenzake wa uuguzi haumizwi kichwa na swali hili, hospitali zinamlilia. Wa falsafa analala na idara, anaamka na barua ya bodi.

Wala si Ohio peke yake. Jirani yetu West Virginia ilianza kabla. Septemba 2023 bodi ya chuo kikuu cha jimbo lile, kule Morgantown, ilipitisha kufutwa kwa programu 28 na nafasi 143 za walimu, na shahada za lugha za kigeni zikaenda na maji. Hicho ndicho chuo kikuu kinara cha jimbo, chenye uwanja wa mpira unaojaa. Mwanafunzi aliyekiweka akiba kwa ajili ya Kirusi au Kifaransa alikuwa amekaa juu ya tawi ambalo msumeno ulishafika. Walioko ndani kwa kawaida huachwa wamalize, hilo tuwe wakweli. Ila kumaliza huku walimu wako wanatafuta kazi kwingine, na kozi ulizozisubiri hazifundishwi tena, ni kumaliza gani huko?

Mama Sambusa, mkono kiunoni: "Basi aende binafsi. Sheria ya gavana haiwafiki."

Haiwafiki, kweli. Inawafika njaa. South Euclid, kando ya Cleveland, kulikuwa na Notre Dame College, chuo cha Kikatoliki kilichoanzishwa mwaka 1922. Februari 2024 kikatangaza kufunga, na muhula wa majira ya kuchipua ulipoisha kikafunga. Mtu aliyekiomba vuli ya 2023 akiwa na uhakika wa kupokewa, alikuwa na uhakika wa nini?

Hapo ubishi ukapanda, kila mtu akawa mshauri wa elimu. Papa Bukavu akataka mtoto asomee uhasibu, yaishe. Dereva akasita, nikaona kama anaanza kukubali, na hapo Mwalimu akaupunguza upole wake kidogo. "Nyerere alichukua shahada ya sanaa Edinburgh, mwaka 1952," akasema. "Akarudi akafundisha, akatuongoza, na bado akapata muda wa kumtafsiri Shakespeare mara mbili. Hakuna aliyemuuliza atakula nini."

"Nyerere hakuomba kazi ghala la Amazon," Fundi akamjibu. Tukacheka mpaka mwenye duka akachungulia. Kicheko hakikumaliza ubishi, kiliupumzisha tu, na mimi naona pia haukuwa ubishi wa siku ile. Mtoto keshachagua anachotaka kusoma. Kazi iliyobaki ni wapi.

Kwa hiyo tukafanya jambo ambalo kijiwe hakifanyi mara nyingi: tukafungua simu tutafute ukweli. Kijana wa kwenye kaunta ya duka, anayesoma chuo cha Columbus State, ndiye aliyetuonyesha. Serikali ya Marekani ina tovuti iitwayo College Navigator. Unaandika jina la chuo, unashuka mpaka sehemu ya programu, na unaona kwa namba ni watu wangapi walihitimu kila somo mwaka uliohesabiwa. Ni bure, na haina tangazo la chuo lenye watoto wanaocheka kwenye majani. Ukiona falsafa ina wahitimu watatu kwenye chuo cha umma cha Ohio, umeshaijua kesho yake. Ukiona historia ina arobaini, pumua.

Kisha ratiba. Vyuo vingi huweka wazi ratiba ya muhula, mtu yeyote anaitazama. Kitabu cha kozi kinaweza kuorodhesha kozi thelathini za historia; ratiba inakwambia zipi zinafundishwa kweli muhula huu na nani. Kijana akasema angalia kozi za mwaka wa tatu na wa nne, zile za watu kumi na wawili kuzunguka meza. Idara inayokaribia kufa hubaki na kozi za mwaka wa kwanza, maana hizo wanafunzi wengi wa chuo hulazimika kuzisoma. Akaongeza: hesabu walimu wa kudumu, halafu hesabu wanaolipwa kwa kozi. Yule dogo ana akili. Tumemdharau miezi yote kwa sababu anachelewa kurudisha chenji.

Tukaipitisha orodha kwenye kichujio hicho. Ohio State, ambayo iko dakika chache kutoka tulipokaa na ambayo Dereva hakuitaka kwa kuwa "kila mtu anakwenda hapo", ina idara ya historia kubwa ambayo kifungu cha wahitimu watano hakiiogopeshi. Lakini kampasi ya Columbus siku hizi ina mchujo wa kweli, huwezi kuiita akiba kwa mazoea ya zamani. Kwa alama za binti ni saizi yake, karibu na akiba. Mwalimu akawakumbusha kitu ambacho wazazi wetu wengi hawakijui: kampasi zake za mikoani, Newark, Lima, Mansfield na Marion, hupokea wakazi wa Ohio waliomaliza sekondari bila mchujo ule. Ukishakusanya krediti thelathini na wastani wako uko sawa, unahamia Columbus.

"Newark?" Dereva akasonya kwa mara ya kwanza siku ile. "Niposti Newark kwenye status?"

Haya ndiyo tunayoyajadili hapa kumbe, status. Khaa! Mtoto anaingia mlango wa pembeni wa chuo kilekile, kwa ada ndogo zaidi, anatoka na cheti kilekile, na baba anaumwa na picha. Nitasema hivi ingawa hakuniuliza: Newark ni mlango mzuri sana wa mwaka mmoja. Kwa mtoto wa falsafa sio pa kukaa miaka minne, maana kozi za juu ziko Columbus. Mlango usiuchanganye na sebule, lakini usiuonee aibu.

Tukaja kwenye pesa, na pesa ikaua majina mengi kuliko alama. Kenyon na Oberlin bei yake ya kwenye kibandiko kwa mwaka, pamoja na kula na kulala, imepita dola 80,000. Wachache hulipa yote hiyo. Vyuo vya namna hii hutangaza kwamba vitaziba pengo lote la mahitaji yako, ila mahitaji hayo huyapima wao, na kwa fomu zao. Tangu mwaka 2011 sheria ya Marekani inakilazimu kila chuo kinachopokea fedha za misaada ya serikali kuweka kikokotoo cha bei halisi kwenye tovuti yake. Unaweka kipato cha nyumba, kinakutolea makadirio. Dereva akaweka chake. Chuo kimoja kikatoa namba ya kuchekesha, kingine kikatoa namba ya kuliza, na vyote viwili alikuwa kaviweka kundi moja kwa kuwa majina yao yanafanana uzito.

Chuo kinachokupokea huku huwezi kukilipia hakiingii kwenye akiba. Hili hata Papa Bukavu alilikubali bila kelele.

Na hapa nichomekee onyo, maana nimeona familia zikilia mwezi wa nne. Kuna ombi la mapema linalofunga: ukikubaliwa umeolewa, vyuo vingine vyote unaviondoa, na hujapata nafasi ya kulinganisha misaada. Watoto wa wenye nazo hulitumia kujiongezea bahati. Mtoto wa dereva wa lori anayetaka kulinganisha bei asikubali kufungwa kabla hajaona kikokotoo kinasemaje. Lipo ombi jingine la mapema ambalo halifungi. Ohio State hutumia hilo, mwisho Novemba mosi.

Binti mwenyewe alitukuta tukiwa hapo. Alikuja kumfuata baba yake, akatuamkia wote kwa zamu, akaiona karatasi yake kwenye boneti ina alama za mafuta ya sambusa. Hakukasirika. Akaitazama, akasema, "Ile kumi ya juu ni ya baba. Mimi niliandika Toledo tu ili aache kuniuliza."

Mama Sambusa akapiga kofi la mshangao. "Sasa ya kwako ipi?"

Akatoa simu. Anayo orodha nyingine, fupi, vyuo saba. Juu kabisa kabakiza Yale na Brown, maana ndoto haziuzwi dukani. Katikati kaweka Kenyon, Oberlin, Ohio State, na College of Wooster, ambako kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho lazima afanye utafiti wake mwenyewe na kuuandika akisimamiwa na mwalimu mmoja, jadi ya tangu miaka ya 1940. Hiyo ndiyo iliyomvuta. Na chini kabisa, Ohio University, kule Athens, kilomita mia na ishirini hivi kutoka hapa.

"Akiba yako hiyo?"

"Hiyo. Na nikienda nitakuwa nimefurahi."

Aliwahi kukitembelea chuo hicho na shule yake. Alikaa kwenye darasa la historia, akazungumza na mwanafunzi wa mwaka wa tatu bila mtu wa udahili kusimama pembeni, akauliza kozi ngapi za falsafa zilifutwa. Anajua sheria ya gavana imepita huko nako, kuna programu zilizoondoka na nyingine zilizounganishwa. Kaangalia za kwake, zipo. Chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1804, kina utaratibu wa kuvifunga viwango vya ada kwa kundi lenu tangu mnapoingia mpaka mwaka wa nne, kwa hiyo baba yake anajua namba ya mwaka wa mwisho tangu leo. Na kinafundisha Kiswahili.

"Kiswahili?" Fundi akaruka. "Ulipe pesa Marekani ufundishwe Kiswahili? Njoo hapa, mimi nitakufundisha kwa bei ya soda."

"Nitakifanyia mtihani wa kupima kiwango," akajibu. Vyuo vingi hudai lugha ya kigeni kwa shahada za sanaa, na mtu akifaulu mtihani huo anaruka mihula kadhaa. Papo hapo Mwalimu akamchukua pembeni, akampa ngeli ya U-ZI. Mtoto akakwama kwenye wingi wa "ukuta", akacheka, akaliandika kwenye simu. Kiswahili cha jikoni anacho kingi. Cha darasani kitamsumbua, na ni haki yake kusumbuka.

Mimi bado nina neno. Akiba moja ni chache kwa mtoto wa sanaa katika jimbo ambalo sheria inahesabu wahitimu kila mwaka. Ningemwongezea ile ya Newark, aiombe kimyakimya, isiwekwe kwenye status. Baba yake kasonya mara ya pili. Binti kasema atafikiria, kwa sauti ile ya watoto wanaomaanisha ndiyo lakini si mbele ya baba.

Kilichobaki ni FAFSA, fomu ya misaada ya serikali ambayo hutakiwa iwe imefunguliwa ifikapo Oktoba mosi. Siku hizi mzazi lazima awe na akaunti yake mwenyewe na aridhie taarifa zake za kodi zichukuliwe; asiporidhia, mtoto hapati kitu. Dereva akasema akaunti anayo, alifungua mwaka jana kwa ajili ya mtoto mkubwa. Tukamuuliza paswedi. Akatutazama. Tukamuuliza barua pepe aliyoitumia. Akasema ilikuwa ya shemeji yake, ambaye walishagombana. Jumatatu anaondoka na mzigo wa Dallas. Mama Sambusa kamwambia Jumapili saa nane awe hapa na karatasi zake zote za kodi, na huyo shemeji atapigiwa simu na yeye mwenyewe.